Watumishi Waliokwenda kwa Mfalme

Kuna fundisho ambalo limekita mizizi katika parokia zetu kuanzia Voi hadi Taveta, ingawa hakuna katekisimu iliyowahi kuliandika. Linasema kwamba Mkristo aliyekosewa akishasamehe, basi amefunga mdomo. Asidai, asishtaki, asilitaje tena jina la aliyemkosea wala kitu alichopoteza. Akithubutu kudai, huyo hajasamehe, na asiyesamehe hastahili kuikaribia Komunyo. Utalisikia kwenye jumuiya wakati wa kushirikishana Neno. Utalisikia matangani, utalisikia kwa wazee wanaosuluhisha ndoa, na mara nyingine utalisikia kutoka mimbarini. "Samehe, mama. Mwachie Mungu." Mama akiuliza swali la pili, anajibiwa kwa methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.

Fundisho hilo ni potofu. Linapingana na Injili ileile inayotajwa kulitetea, linapingana na sakramenti ya Kitubio, na linapingana na mambo ambayo wazee wa Taita waliyajua kuhusu hasira kabla Mapadre wa Roho Mtakatifu hawajafungua misheni ya Bura mwaka 1892. Na limeumiza watu. Limewaumiza wanawake kuliko wanaume, maskini kuliko matajiri, mjane kuliko shemeji zake. Kila linapotumika, mzigo unamwangukia yule aliyekwisha kulemewa. Hilo peke yake lingetosha kutufanya tulitilie shaka.

Nguzo yake kuu ni Mathayo 18:21–35, Injili ya Dominika ya 24 ya Mwaka A. Tuliisoma Septemba 13, 2020, tukaisoma tena Septemba 17, 2023, na katika 2026 inaangukia Septemba 13. Petro anauliza amsamehe ndugu yake mara ngapi, na Yesu anamjibu kwa hesabu ambayo haikukusudiwa kumalizika. Kisha unafuata mfano wa mtumishi aliyesamehewa deni kubwa akakataa kusamehe deni dogo. Hakuna Mkatoliki wa Voi asiyeujua. Lakini kuujua mfano ni jambo moja, na kuusikiliza hadi mwisho ni jambo lingine.

Tazama mfalme anavyoanza. Anaanza kwa kufanya hesabu. Mtumishi analetwa mbele yake akidaiwa talanta 10,000. Talanta moja ilikuwa takriban dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kwa hiyo deni lake lilifika dinari milioni 60. Mwenzake alidaiwa dinari 100. Wahubiri wetu huonyesha tofauti ya madeni hayo mawili ili tuone ukubwa wa huruma ya Mungu, na hapo wanasema kweli. Lakini tofauti hiyo isingejulikana kama daftari lisingefunguliwa. Mfalme hakujifanya kwamba hakuna deni. Alilitaja, mdaiwa akalikubali, akapiga magoti akiomba muda, ndipo akaachiliwa lote. Huruma yake ilikuja baada ya hesabu, na bila hesabu ile hakuna mtu ambaye angejua kwamba alihurumiwa. Hata zile dinari 100 zilikuwa deni la kweli, ujira wa zaidi ya miezi mitatu. Yesu hasemi popote kwamba mtumishi wa pili hakuwa na deni. Anachokilaani ni ile mikono kooni, na lile gereza, na masikio yaliyoziba yasisikie ombi ambalo mwenye masikio hayo alikuwa ametoka kuliomba yeye mwenyewe.

Halafu kuna aya ya 31, ambayo sijapata kusikia mahubiri juu yake, na ningependa sana kuyasikia. Watumishi wengine wanaona mwenzao akitupwa gerezani. Wanasikitika mno. Kisha wanakwenda kwa mfalme kumweleza yote yaliyotendeka. Katika jumuiya zetu nyingi watu hao wangeitwa wachongezi. Wangeambiwa hayo ni mambo ya watu wawili, wasiingilie, wafunike kombe mwanaharamu apite. Mfalme hawakemei hata kidogo. Anafanyia kazi taarifa yao papo hapo. Wangenyamaza kwa jina la amani, mtu mmoja angeendelea kuoza gerezani kwa ajili ya dinari 100, na mfalme angeendelea kudhani kwamba huruma yake imezaa matunda. Katika mfano mzima wa msamaha, mfano mkuu tulio nao, hakuna aliyeambiwa anyamaze, na waliosema ndio waliokuwa upande wa mfalme.

Rudi nyuma wiki moja tu. Dominika ya 23 ya Mwaka A, Injili ni Mathayo 18:15–20, aya zinazotangulia moja kwa moja swali la Petro. Pale Yesu anatoa utaratibu. Ndugu yako akikukosea, nenda ukamwonye mkiwa wawili peke yenu. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili ili maneno yathibitishwe kwa mashahidi. Asiposikia hao, liambie Kanisa. Akilikataa na Kanisa pia, basi amejiweka mwenyewe nje ya ushirika. Somo la kwanza siku hiyo ni Ezekieli 33, ambapo Mungu anamwambia mlinzi kwamba asipomwonya mwovu, damu ya mwovu huyo itadaiwa mikononi mwa mlinzi. Anayenyamaza ana hatia. Hivi ndivyo Kanisa lilivyozipanga Dominika hizi mbili: kwanza jifunze kumkabili aliyekukosea, kisha jifunze kumsamehe bila kuchoka. Petro anauliza swali lake akiwa ametoka kuusikia utaratibu ule. Sisi tumeichukua Dominika ya pili tukaitupa ya kwanza, halafu tunashangaa kwamba msamaha wetu hauponyi mtu.

Luka ni wazi zaidi kuliko Mathayo. Katika Luka 17:3–4 Yesu anaamuru kwamba ndugu akikosa akemewe, na akitubu asamehewe, hata akikosa mara saba kwa siku. Mitume wanapoyasikia hayo wanamwomba Bwana awaongezee imani. Ombi hilo tunalijua vizuri, kwa sababu ndipo Injili ya Dominika ya 27 ya Mwaka C inapoanzia, yaani aya ya 5. Lakini aya mbili zilizowafanya mitume waombe hatuzisikii siku hiyo. Matokeo yake imani inahubiriwa kana kwamba ni nguvu ya kupata kazi, visa au mume. Mitume waliomba imani kwa sababu walipewa kazi ngumu kuliko zote, kumkemea ndugu usoni na bado kumsamehe kwa moyo. Kunyamaza hakuhitaji imani. Woga unatosha.

Jambo kama hilo linaipata Barua kwa Waefeso. Katika Mwaka B, Dominika ya 18 inaishia Waefeso 4:24, na Dominika ya 19 inaanzia 4:30, pale Paulo anaposema uchungu, ghadhabu na kelele viondolewe kwetu. Aya hizo za pili ndizo anazosomewa mke aliyepigwa. Katikati, kati ya Dominika moja na nyingine, kuna aya tano ambazo hazikusomwa. Zinaagiza kila mtu amwambie jirani yake ukweli. Zinasema mtu anaweza kukasirika bila kutenda dhambi. Zinamtaka mwizi aache kuiba, afanye kazi kwa mikono yake. Siwalaumu walioupanga utaratibu wa masomo, kwa maana Misa ina muda wake na Biblia ni ndefu. Nasema tu kwamba Mkristo anayeishi kwa Injili ya Dominika bila kuifungua Biblia nyumbani atadhani Paulo aliikataza hasira, kumbe Paulo aliitengenezea njia ya kutokea.

Najua jibu linalokuja hapa. Shavu la pili, je? Na Yesu msalabani, aliyewaombea msamaha waliomsulubisha?

Mimi siliogopi jibu hilo, kwa sababu Yesu mwenyewe alipigwa kofi, na tunajua alifanya nini. Kila Ijumaa Kuu tunasoma Mateso kadiri ya Yohane. Mbele ya kuhani mkuu, askari anampiga. Yesu harudishi kofi. Wala hanyamazi. Anamuuliza askari yule aonyeshe kosa katika maneno yake, na kama hakuna kosa, aeleze kwa nini anampiga. Hiyo ni Yohane 18:23, na ndiyo tafsiri ya shavu la pili iliyotolewa na mwenye shavu. Hakuna kisasi ndani yake, na hakuna kimya. Na sala ya msalabani inaomba msamaha kwa kosa: ndani ya sala ileile kuna kukiri kwamba watu wale wanatenda jambo baya, ingawa hawajui walitendalo. Hakusema kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa niseme juu ya Taita yenyewe, kwa sababu watu wanaohubiri kunyamaza hupenda kusema kwamba ndiyo mila yetu, kwamba Mtaita ni mtu wa amani, hapendi maneno. Hapo wanawasingizia wazee.

Mwanaanthropolojia Grace Harris aliishi katika milima ya Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1978 akachapisha kitabu juu ya dini ya jadi ya Wataita, Casting Out Anger. Kiini cha kitabu hicho ni tendo ambalo wazee wetu waliliita kutasa. Mtu alichukua funda la maji au la pombe ya miwa, akalipuliza nje ya kinywa, na pamoja na kulipuliza akasema kwa sauti. Alitaja kilichomsumbua moyoni, akatangaza kwamba anaitoa hasira hiyo, akaomba uzima, mvua, watoto, mifugo, amani. Waliamini kwamba hasira iliyofichwa moyoni mwa mtu, hasa mtu mwenye mamlaka juu ya wengine, inaweza kuwafikia jamaa zake kama ugonjwa au balaa, hata kama mwenyewe hakukusudia. Mtoto alipougua, waganga walitafuta ni moyo wa nani uliokasirika. Na mwenye moyo huo aliombwa afanye nini? Aseme. Aitoe hasira kwa kinywa, mbele ya watu, kwa maneno yanayosikika.

Mkristo ana haki ya kuyakataa mengi katika imani ile, na sisemi turudi kwenye ramli. Sisi hatuamini kwamba hasira ya babu inamletea mjukuu homa. Lakini wazee walikuwa wameona jambo la kweli juu ya mwanadamu, na Kanisa halikuja Bura kuyafuta yaliyo ya kweli. Waliona kwamba hasira haimaliziki kwa kuzikwa. Waliona kwamba amani ya ukoo inadai kinywa kifunguke kwanza. Waliona pia kwamba aliyekasirika huenda ana sababu, kwa hiyo hawakuanza kwa kumwita mbaya. Walianza kwa kumsikiliza. Mzee aliyefanya kutasa katika boma lake miaka mia iliyopita alikuwa karibu zaidi na Mathayo 18 kuliko kiongozi wa jumuiya anayemwambia mjane wa leo asizungumzie shamba wakati wa rozari.

Shamba hilo nalijua, na wewe unalijua. Si la mtu mmoja, yako mengi, Mwatate, Wundanyi, Mbololo, Sagalla. Mume anafariki. Kabla arubaini haijafika, mpaka umesogea. Mjane anapouliza, mashemeji wanakuja na katekista ili wasali pamoja. Kwenye sala hiyo anaombwa asamehe. Haombwi kuwaambia walichochukua, wala wao hawaombwi kurudisha. Akikataa kuinua mkono wakati wa kupeana amani, habari inaenea kwamba yule mama ana moyo mgumu. Wanaofanya hivyo wamelitumia jina la Yesu kuuthibitisha mpaka mpya. Ni wizi wa ardhi uliobarikiwa kwa maji ya baraka, na sina neno laini la kuuita.

Au chukua nyumba yenye kipigo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani tangu 2015. Mke anaweza kwenda kituo cha polisi, anaweza kuomba mahakama imzuie mume kumkaribia. Kabla hajafika huko anakutana na wazee wa ndoa, wasimamizi, mama wa jumuiya, na wote wana sentensi moja mdomoni: ukienda kushtaki, hujasamehe. Nani aliwafundisha hivyo? Mtume Paulo, alipokaribia kuchapwa viboko huko Yerusalemu, alitaja uraia wake wa Kirumi ili kuuzuia mkono usio na haki, na baadaye akakata rufaa kwa Kaisari. Hatujasikia kwamba alipoteza fadhila ya mapendo kwa kufanya hivyo. Mke anayeondoka kwenye nyumba ya kipigo na kuandikisha taarifa anaweza kuwa amemsamehe mumewe tangu juzi. Msamaha ni kuitoa chuki moyoni, ni kukataa kumtakia mabaya. Haumpi mwenye ngumi ruhusa ya kupiga tena, na hauwezi kumpa, kwa sababu kumwacha ndugu azame katika dhambi yake ni kutompenda.

Kaunti hii nzima ina historia ya kuambiwa inyamaze. Mwaka 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, baada ya Wajerumani kuvamia Kasigau, Waingereza waliwatuhumu wenyeji kwamba walimsaidia adui, wakawahamisha kwa nguvu hadi Malindi. Wengi walifia ugenini, na waliosalia walikaa miaka mingi kabla ya kurudi kwenye mlima wao. Mwaka 1948 ikatangazwa hifadhi ya Tsavo, na leo mbuga mbili za Tsavo zinachukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti. Ukijumlisha mashamba makubwa ya mkonge na ranchi, unaelewa kwa nini kuna watu waliozaliwa Taita Taveta na wanaitwa maskwota Taita Taveta. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliikabidhi Serikali ripoti yake Mei 2013, na dhuluma za ardhi za Pwani zilikuwa sehemu ya ripoti hiyo. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya Serikali kwa dhuluma zilizotendwa na tawala zilizopita, akaahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Kisha miaka ikapita, waathiriwa wakingoja.

Sasa wapo Wakristo wanaosema kwamba radhi iliombwa, kwa hiyo mambo yamekwisha. Anayeendelea kudai ana roho ya kisasi. Hawa wanaifanya huruma iwe chombo cha anayedaiwa. Wanasahau kwamba katika Kanisa Katoliki kuomba radhi ni sehemu tu ya toba. Kitubio kina majuto, kina maungamo, na kina malipizi. Katekisimu, katika namba 1459, inafundisha kwamba dhambi nyingi humdhuru jirani, na kwamba mkosaji anapaswa kufanya awezalo kurekebisha madhara hayo: kurudisha kilichoibwa, kusafisha jina la aliyesingiziwa, kumfidia aliyejeruhiwa. Ondoleo linafuta dhambi. Halirudishi mbuzi wa watu. Mbuzi anarudishwa na aliyemchukua.

Zakayo aliyaelewa haya kabla katekisimu haijaandikwa. Tunamsoma Dominika ya 31 ya Mwaka C. Huruma ilimtangulia; Yesu alijialika nyumbani kwake kabla hajaahidi lolote, na watu wakanung'unika. Hapo wanaohubiri huruma isiyo na masharti wana hoja yenye nguvu, nami nakubaliana nayo kabisa: Zakayo hakuinunua ziara ile. Lakini angalia huruma ilipokwisha kuingia ndani ya nyumba, ilizaa nini. Zakayo alisimama, akasema nusu ya mali itakwenda kwa maskini, na kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne. Hakuna aliyemwambia, keti bwana, yaliyopita si ndwele. Yesu alilipokea tamko lile akasema wokovu umefika. Sijui ni kwa mantiki gani huruma iliyomfanya Zakayo afungue mkoba imegeuka kwetu kuwa huruma inayomfungia mjane mdomo.

Wenzangu wengine hupinga kwa njia ya heshima zaidi, nao nawasikiliza kwa makini, kwa sababu wana uzoefu. Wanasema kudai hakuna mwisho. Kesi ya ardhi katika mahakama ya Voi inaweza kuanza mtoto akiwa chekechea na kumkuta ameoa. Ndugu wanaacha kuzikana. Wakili anakula shamba lenyewe. Katika milima ambako nyumba ya ndugu iko hatua chache juu ya nyumba ya ndugu, uadui wa watu wawili unawatesa watu hamsini. Basi si heri mmoja avumilie?

Hasara wanayoieleza ni ya kweli. Lakini angalia ni nani anayechaguliwa avumilie. Sijasikia mzee akiambiwa avumilie hasara ya kurudisha alichochukua, kwa ajili ya amani ya ukoo. Uvumilivu unaombwa upande mmoja tu. Tena njia ya Mathayo si njia ndefu ya mahakama. Inaanza na watu wawili, chini ya mwembe au jikoni, bila shahidi, bila aibu. Katiba ya 2010, kifungu cha 159, inaipa nafasi hata njia ya jadi ya kusuluhisha migogoro, mradi haivunji haki za msingi. Ugomvi mwingi unafika mahakamani kwa sababu hatua tatu za mwanzo zilirukwa. Ndugu alinyamazishwa miaka kumi kwa jina la msamaha, hasira ikaiva, na siku ilipotoka ilitoka na wakili, au na panga.

Na hapa nataka kuweka mpaka, kwa sababu wapo watakaonisoma kwa pupa. Kudai si kulipiza. Somo la kwanza la Dominika ya 24, kutoka Yoshua bin Sira, linaonya kwamba anayelipiza kisasi atakutana na kisasi cha Bwana. Umati unaomzunguka kijana aliyeiba simu sokoni Voi na kuanza kutafuta tairi haudai haki, unaua. Baba anayemnyima mwanawe mazishi kwa sababu ya ugomvi wa ng'ombe hadai haki. Huruma ina kazi kubwa katika madai: inakataza mikono kooni, inakataza kumfuta mtu, inaruhusu alipe kidogokidogo, inaweza hata kusamehe sehemu ya deni au deni lote. Mjane anaweza kuwaambia mashemeji, chukueni, nimewaachia. Lakini hilo ni lake kulisema, akiwa huru, baada ya kilichochukuliwa kutajwa na waliochukua kukiri. Mtu hawezi kutoa zawadi kitu ambacho hajaruhusiwa kusema ni chake.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha kwamba huruma haiifuti haki, bali ni utimilifu wake. Aliuliza pia kama kukosa hasira kunaweza kuwa kilema cha tabia, akajibu kwamba inawezekana, pale ambapo akili timamu inadai mtu akasirike naye anakaa kimya. Sisi tumeorodhesha fadhila za Mkristo mwema wa Taita kuwa upole, ukimya na subira, tukaiacha haki, tukaiacha na ile fadhila ya nguvu inayomwezesha mtu kusimama mbele ya mwenye mamlaka. Watoto wetu wa Kipaimara wanazikariri fadhila nne za kiutu, busara, haki, nguvu na kiasi, kisha wanarudi nyumbani wakaone mbili kati yake zikiitwa utovu wa adabu mama yao anapozionyesha.

Ninachowaomba mapadre wetu na viongozi wa jumuiya ni jambo dogo. Septemba 6 na Septemba 13, 2026, zihubirini Dominika hizi mbili kama mahubiri mamoja. Wiki ya kwanza, kila jumuiya iulize ni nani ndani yake aliyekosewa na hajawahi kusikilizwa. Isimwombe asamehe wiki hiyo. Imwombe aeleze: ulipoteza nini, lini, nani anajua, umekwisha kuzungumza naye mkiwa wawili? Kama bado, asindikizwe hadi kwenye lango. Kama alikwisha kwenda akafukuzwa, waende naye. Mathayo anataka mashahidi wawili au watatu, na hakuna jumuiya ya Voi ambayo Jumamosi jioni hukusanya watu pungufu ya hao.